Ukurasa Mtupu wa Mwalimu

Kapteni alizikwa akiwa hajawahi kupanda ndege hata siku moja. Alikuwa fundi wa lifti. Kwa miaka ishirini na sita alitunza lifti mbili za jengo moja la ofisi lenye ghorofa kumi na moja, na alipenda kusema kwamba ukijumlisha ghorofa zote alizopanda na kushuka, mwezini alishafika na kurudi, ila hakuna aliyemgongea muhuri. Mikono yake ilinuka grisi hata Jumapili. Marehemu mkewe alikuwa akimwekea sabuni ya unga nje ya mlango, si bafuni, asije akashika kitasa.

Sifa yake kubwa kazini ilionekana watu walipokwama. Lifti ikisimama katikati ya ghorofa, mafundi wengine walikimbilia chumba cha mashine juu ya paa. Yeye alianza mlangoni. Aliweka mdomo kwenye ufa, akasema kwa sauti ya mtu anayeagiza chai, "Msibonyeze kitu. Niambieni mnaona nini." Walio ndani wakamtajia taa iliyowaka, namba iliyoganda, mlio waliousikia. Akifika juu alikuwa anajua tayari ubovu uko wapi, na hao ndani walikuwa wameacha kulia.

Jina la Kapteni alilipata ukubwani, kwenye kompyuta. Alijiunga na kampuni ya ndege ya kuigiza, ambayo haina ndege, haina uwanja, haina abiria. Wanachama wake sitini na watatu, kila mmoja akiwa nyumbani kwake, waliendesha ndege za kwenye kioo. Lakini mambo yao hayakuwa ya mchezo. Mwanachama alibuku safari kwanza, yaani aliweka nafasi yake, akapewa ndege na saa ya kuondoka, kisha akairusha kwa muda uleule ambao ndege ya kweli ingetumia. Asipobuku, safari yake haikuandikwa popote, hata angeruka siku nzima. Na kulikuwa na sheria moja iliyowatesa wageni wote: ulipotua mara ya mwisho ndipo ulipo. Ukitua mji fulani leo, kesho huwezi kubuku safari ya kutoka mji mwingine. Programu inakuhesabu bado uko kule, umekaa na begi lako.

Basi kila aliyekataliwa kubuku alimwendea Kapteni. Kampuni ilimpa kazi hiyo bila kumchagua, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwa na subira. Maneno yake yalikuwa yaleyale ya kwenye ufa wa lifti. Usibonyeze kitu. Niambie unaona nini.

Halafu kisukari kikamla macho.

Hapo ndipo mdogo wake wa kike alipoingia. Alikuwa mshona mapazia, na alikuwa amehamia kwa kaka yake tangu wifi yake alipofariki, akaweka cherehani yake kwenye chumba hichohicho chenye kompyuta kwa sababu ndicho chenye dirisha kubwa. Mwanzoni alimsomea ujumbe mmojammoja huku pini zikiwa mdomoni. Baadaye akawa ndiye macho na ndiye vidole. Kapteni alikaa kwenye kiti cha plastiki mguu ukiwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akisema, naye akichapa.

"Nani huyo leo?" Kapteni aliuliza.

"Mwenye duka la dawa. Anasema ameibiwa ndege."

"Hajaibiwa. Ameiacha alikotua Jumatatu. Mwambie akaifuate."

"Akaifuate na nini?"

"Na nyingine."

"Kaka, nyie watu wazima kweli?"

"Wewe unashonea madirisha nguo. Nimekuuliza?"

Hivyo ndivyo walivyoishi, na zilikuwa siku njema kuliko walivyodhani.

Kisha kampuni ikaleta programu mpya, na wanachama wote ikabidi waandikwe upya. Kapteni alikuwa na daftari lake kubwa la zamani. Ukurasa wa kushoto ulikuwa na majina, wa kulia miji, yaani uwanja wa nyumbani wa kila mmoja, ambako programu mpya ingemhesabu yupo mwanzoni. Mdogo wake alichapa majina yote sitini na matatu kwanza, akayamaliza kabla ya mchana. Miji akaianza baadaye, akiwa na mapazia ya ukumbi yanayongojewa na mteja. Alipofika mstari wa arobaini na moja, mteja akabisha hodi. Aliporudi kitini aliendelea pale alipodhani ameachia. Mwisho wa orodha ukabaki mji mmoja usio na mtu. Akaona ni wa mwanachama aliyejitoa, akafunga daftari. Kapteni alipoamka na kuuliza kama yote yamekaa sawa, alijibu, "Yamekaa."

Wiki ya pili ujumbe ukaingia kutoka kwa Mwalimu. Huyu alikuwa mzee aliyestaafu kufundisha hesabu, mwanachama wa miaka mingi, mtaratibu, mwenye kuandika sentensi zilizokamilika hadi nukta. Aliandika kwenye kundi la simu, wote wakiona: "Ndugu Kapteni, nikifungua sehemu ya kubuku naona ukurasa mtupu. Naomba msaada."

Siku hiyo Kapteni alikuwa hana hali. Kidonda cha kidole cha mguu, kilichoanza kwa kujikwaa kwenye kizingiti, kilikuwa kimefika kisigino, na dawa zilimtia kichefuchefu. Ukurasa mtupu, kwa uzoefu wake, ulimaanisha mtu amesahau kuchagua siku ya safari. Alikuwa amelieleza jambo hilo mara arobaini wiki hiyo.

"Mwambie asome maelekezo," alisema.

"Hivyo tu?"

"Mwambie ndege haziongozwi kwa chaki. Asome maelekezo kama sisi wanafunzi wake tulivyosoma."

Mdogo wake akacheka, akachapa. Na mwisho, kwa hiari yake, akaongeza vikaragosi vitatu vinavyocheka hadi machozi. Kundi zima likaangua kicheko cha maandishi. Mmoja akaandika Mwalimu apewe miwani, mwingine akaandika apigwe viboko. Mwalimu akaandika tena kesho yake, ukurasa bado mtupu. Akaandika wiki iliyofuata. Hakujibiwa na mtu. Kisha akanyamaza.

Miezi mitano ikapita.

Madaktari walipotoa neno kwamba mguu utakatwa, na siku ikapangwa kuwa Alhamisi, Kapteni hakulia. Aliomba aletewe mchungaji, akasali naye. Mchungaji akamwambia aende kwenye kisu akiwa hana deni na mtu moyoni. Kapteni akakaa kimya tangu hapo hadi Jumatatu asubuhi.

"Mdogo wangu, kompyuta iko hewani?"

"Iko."

"Nifungulie Mwalimu."

"Mwalimu yupi?"

"Mwalimu niliyemtukana."

Akamfungulia. Kapteni akainama mbele, kama vile angeweza kuona. "Usibonyeze kitu," alisema. "Niambie unaona nini."

Alimsomea. Jina, miaka, saa alizoruka. Safari alizobuku tangu programu mpya: hakuna. Mahali alipo: akataja jina la kisiwa.

"Rudia hapo."

Akarudia.

"Hicho kisiwa kina kipande cha uwanja hata ndege ya abiria sita inatua kwa kuomba Mungu," Kapteni alisema. "Kampuni haina safari hata moja ya kutoka pale. Mtu ukimweka pale haendi popote. Akifungua ukurasa wa safari..." Hakumaliza. Akarudi nyuma kwenye kiti. "Ulikuwa mtupu kweli. Alikuwa ananiambia anachokiona."

Mshonaji aliinuka kama anayekwenda kuangalia mlango, akachukua daftari kwenye rafu. Vidole vilimpeleka mstari wa arobaini na moja. Akaweka rula. Mji wa arobaini na moja alikuwa ameuchapa mara mbili. Kuanzia hapo kila mtu alipewa mji wa mwenzake aliyetangulia. Wa arobaini na nane ndiye mwenye kisiwa chake, alikichagua kwa mapenzi yake enzi kampuni ilipokuwa bado na safari za huko. Mwalimu alikuwa wa arobaini na tisa. Watu ishirini na wawili aliwatawanya kwa mkono wake mmoja. Wengine waliona wameamkia mji mgeni, wakadhani ndio utaratibu mpya, wakabuku safari ya kurudi kwao na kusahau. Mwalimu peke yake aliamkia pasipo na njia.

"Nilikutajia vibaya," Kapteni alisema nyuma yake. "Zile dawa. Nadhani nilikutajia vibaya, mdogo wangu."

Hakuwa ametaja chochote. Siku ile alikuwa amelala. Mshonaji alijua hivyo, akafunga daftari, akasema, "Ngoja nikuwekee chai."

Siku mbili zikapita. Kapteni alilala amegeukia ukuta, akijilaumu kwa sauti ya chini, na ukutani hakuwepo wa kumjibu. Cherehani ilikwenda. Mshonaji alishona pindo, akalifumua, akalishona tena. Jumanne alikwenda kwenye maombi ya kina mama, akapiga magoti na wenzake, na alipotaka kusema neno lolote kwa Mungu akasikia kwamba anazungukazunguka nje ya jambo lenyewe. Wahenga wanasema mficha uchi hazai. Alirudi nyumbani bado hajazaa kitu. Alijiambia mgonjwa asisumbuliwe. Alijiambia atasema baada ya Alhamisi. Akajua pia kwamba baada ya Alhamisi ni neno la mtu mwenye hakika na Ijumaa.

Jumatano asubuhi Kapteni aliamka na sauti yenye nguvu kidogo.

"Kaa uandike. Kwenye kundi, palepale nilipomtukania."

Akakaa.

"Andika: Ndugu wanachama, Mwalimu alikuwa sahihi. Andika: mimi Kapteni nilitaja vibaya uwanja wake wa nyumbani, na badala ya kumuuliza anaona nini, nilimcheka."

Vidole vilichapa hadi 'mimi Kapteni'. Hapo vikasimama.

"Umeandika?"

"Kaka."

"Sema."

"Hukutaja vibaya. Hukutaja kabisa. Nilinakili mwenyewe kutoka kwenye daftari, nikarudia mstari. Si Mwalimu tu, ni watu ishirini na wawili."

Nje, mtu alikuwa akiburuta ndoo kwenye sakafu ya ujia. Kapteni alingoja sauti hiyo iishe.

"Umelijua lini?"

"Juzi."

"Juzi asubuhi, au juzi jioni?"

"Asubuhi. Palepale uliponiambia nirudie."

"Kwa hiyo siku mbili nimelala hapa najichoma," Kapteni alisema taratibu, "na wewe uko hapo, unashona."

Alitaka kaka yake afoke. Kaka yake alikuwa anajua kufoka, jengo zima la ofisi lilikuwa linajua. Lakini Kapteni alipapasa tu ukingo wa kiti, akarekebisha mguu juu ya ndoo.

"Basi tuyatenganishe," alisema mwisho. "Mstari ni wako. Kejeli ni yangu. Heri kujikwaa kidole kuliko ulimi, na mimi, tazama, nimejikwaa vyote viwili. Futa hiyo. Nipigie Mwalimu."

"Si tuandike kwanza?"

"Nilimtukana kwa maandishi, nikajificha nyuma ya hayo maandishi. Piga."

Simu iliita muda mrefu. Mshonaji akaiweka kwenye sauti kubwa, juu ya kitambaa cha pazia.

"Shikamoo, Mwalimu," Kapteni alisema.

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Fundi lifti. Kapteni, wa kule kwenye ndege."

"Nakusikia."

"Mwalimu, ule ukurasa wako ulikuwa mtupu kweli."

"Unasemaje?"

"Ulikuwa mtupu. Hukukosea kitu. Tulikuweka kwenye kisiwa kisicho na safari. Ungebonyeza mwaka mzima usingeona kitu, hata mimi nisingeona."

"Ngoja," Mwalimu alisema. Wakasikia kiti kikisogezwa, mlango, na sauti yake ikiita jikoni. Kisha akarudi. "Nimeweka sauti kubwa. Binti yangu yuko hapa. Rudia yote, kama ulivyosema."

Kapteni akarudia, neno kwa neno. Alipomaliza, sauti ya mwanamke ikasema, "Samahani, mzee. Una hakika, au unamfariji?"

Mshonaji akavuta simu karibu. "Dada, ni mimi niliyemwandika baba. Ni mdogo wake Kapteni. Nilinakili miji kutoka kwenye daftari nikarudia mstari. Daftari liko mapajani kwangu. Baba hakukosea. Ni mimi."

Yule binti akaisogelea simu.

"Alikuwa anatuita kila asubuhi," alisema. "Njooni muone, hakuna kitu. Tunaangalia, kweli hakuna kitu, na yeye anashikilia kwamba zamani safari zilikuwa zinajaa ukurasa mzima. Tukaingia kwenye kundi lenu tuone wenzake wanasemaje. Tukaona mnamcheka. Tukasema, basi hata wanaomjua wameliona. Tukampeleka kwa daktari wa kumbukumbu."

"Alisemaje daktari?" Kapteni aliuliza.

"Alisema umri. Tukamnyang'anya funguo za gari. Alikuwa na darasa lake la hesabu kila Jumamosi, la watoto wa majirani. Tukalifunga, tukaogopa atawafundisha vibaya."

Mikono ya Kapteni, ambayo hata baada ya miaka ya kustaafu ilikuwa na weusi kwenye mistari ya vidole, ilishikana.

"Mwalimu," alisema, "kesho asubuhi naingia kukatwa mguu. Sikukupigia ili unihurumie. Nimekupigia kuomba samahani. Niliowatoa kwenye lifti miaka yote nilikuwa nawauliza wanaona nini. Wewe uliniambia bila kuulizwa, nikakudharau."

"Nimekusikia," Mwalimu alisema. "Nami nitakujibu kwa ukweli, kwa kuwa umenieleza kwa ukweli. Miezi mitano nimeishi na shaka juu ya kichwa changu. Nikifunga mlango narudi kuutikisa. Nikihesabu chenji nahesabu mara tatu, mimi mtu wa hesabu. Shaka hiyo haiondoki kwa simu moja. Samahani yako sikatai. Nasali, na sitaki kusimama mbele za Mungu nikiwa nimekushika kola. Nimekusamehe wewe, na huyo dada nimemsamehe. Lakini kundini sirudi. Na msinirudishe uwanja wangu wa nyumbani. Niacheni hukohuko kisiwani."

"Mwalimu..."

"Niacheni. Upone salama, Kapteni."

Simu ikakatika. Mwanga wa dirisha ulifika hadi kwenye mguu uliofungwa bandeji.

"Hajakosea hata neno moja," Kapteni alisema.

Kisha akaamuru. Ujumbe ule uandikwe upya kwenye kundi, kila mtu na kosa lake, bila vikaragosi. Baadaye wale ishirini na mmoja waliobaki warekebishwe, na kila mmoja apigiwe simu aambiwe kwa mdomo, maana huwezi kujua nani mwingine nyumbani kwake wamemtilia shaka kwa ajili yako. Mchana ule mshonaji alipiga simu kumi. Wengi walicheka. Mwenye kisiwa, wa arobaini na nane, alisema alikuwa anashukuru sana kuhamishiwa mji mkubwa, na sasa anarudishwa shamba bila kosa. Kapteni alitabasamu kidogo kwa hilo, mara moja tu siku ile.

Kuhusu mstari hakumwambia tena mdogo wake lolote. Si la kumsuta, si la kumfariji. Usiku aliomba maji, akapewa, akasema asante.

Asubuhi ya Alhamisi, kwenye ujia wa hospitali, wakati manesi wawili wakitafuta faili lake, aligeuza kichwa upande aliosikia viatu vya mdogo wake.

"Umebakisha wangapi?"

"Kumi na mmoja, kaka."

"Usiruke mtu."

Wakamsukuma ndani. Mguu ulikatwa vizuri, daktari alisema hivyo, lakini damu ilikuwa imeshaingia sumu. Kapteni aliishi siku nne, na katika siku hizo hakurudi kwenye akili ya kuongea. Mdogo wake alimsomea Zaburi, akamlowesha midomo kwa pamba. Mara mbili alimuuliza sikioni kama amemsamehe. Pumzi iliendelea vilevile.

Msibani binti wa Mwalimu alituma ujumbe wa pole. Alisema baba amerudishiwa funguo. Darasa bado hajataka kulifungua, anasema atafikiri.

Watu wengi walimwambia mshonaji kwamba "usiruke mtu" ilikuwa njia ya kaka yake ya kumwachia kazi, na mtu hamwachii kazi asiyemwamini. Mchungaji naye alimwambia hivyo. Yeye husikiliza, hushukuru. Akiwa peke yake na Mungu husema hajui, na humwomba Yule ajuaye amjulishe siku atakayopenda.

Wiki mbili baada ya mazishi alikaa na daftari na rula, akaendelea kupiga simu. Alijitambulisha kwa kila mmoja, akaeleza kosa lake, akatoa habari ya msiba. Wengine walilia na kusahau kosa. Mmoja alikata simu. Kumi wamekwisha. Wa sitini na tatu, wa mwisho kabisa, simu yake inaita na haipokelewi. Humpigia kila asubuhi kabla hajakaa kwenye cherehani, akiisikiliza inavyoita hadi ikatike yenyewe.